Naomba ushauri: broila 300 wameingia wiki ya 5, niwauzie wapi?

Habari zenu wakuu. Nipo Kibaha, nina broila 300 wameshaingia wiki ya 5 na sasa hivi wanamaliza karibu mfuko mzima wa kilo 50 kwa siku, yaani kila nikichelewa ndo faida inaliwa. Dalali anakuja mpaka bandani na matenga yake, anabeba wote kwa elfu 6 kila kuku, keshi. Nikipeleka soko la kuku Shekilango, Dar, naweza pata elfu 7 ila kuna usafiri, ushuru na joto, mara ya mwisho walinifia 9 njiani, halafu ukishashusha wanunuzi wanajua huwezi kurudi nao nyumbani basi wanakubana bei mpaka unaachia tu. Jamaa mwingine wa chipsi anataka 20 kila siku, washachinjwa na kunyonyolewa, anatoa elfu 7 na nusu lakini malipo baada ya wiki 2 na mi friza langu ni dogo, la juisi za watoto. Waliowahi kukopesha wenye vibanda, mnadaije? Au nigawe, nusu dalali nusu huyu wa chipsi? Vifaranga wengine nshalipia wanakuja Jumamosi.