Vitu vya hadithini vilivyokuja kuwa kweli: wahandisi walilazimika kubadili nini?

Dira_ya_Kusi:
Wakuu, orodha za vitu vilivyoanzia hadithini zimejaa sadfa tupu. Nataka mifano tunayoweza kuipigia hesabu, au ambayo mtengenezaji mwenyewe alikuwa na hadithi kichwani. Mzinga wa Jules Verne wa 1865, wa kurusha watu mwezini, unakwama wapi hasa? Na ile katuni ya Donald Duck ya 1949, meli kuinuliwa kwa vijimpira vya ping-pong, inawezekana?

Mizani:
Nianze na mzinga. Verne aliupa urefu wa futi 900, yaani mita 274, na kasi ya karibu kilomita 11 kwa sekunde. Kasi ni sahihi, ndiyo inayotakiwa kuponyoka mvuto wa dunia. Kosa ni urefu. Zidisha kasi kwa yenyewe, gawanya kwa urefu mara mbili: mchapuko unazidi mara 22,000 ya mvuto wa kawaida. Mtu wa kilo 70 analemewa na zaidi ya tani 1,500. Maji aliyoyaweka chini ya sakafu kupunguza kishindo yana kina cha futi 3, kwa hiyo yanaongeza chini ya mita moja juu ya zile 274. Hayaokoi mtu.

Konstantin Tsiolkovsky, mwanasayansi wa Urusi na msomaji wa Verne, alichapisha mwaka 1903 mlinganyo wa roketi, yaani hesabu ya mafuta yanayohitajika kufikia kasi fulani. Kasi inabaki ileile ila inajengwa kwa dakika kadhaa, na wanaanga wa Apollo walilemewa takriban mara 4 tu wakati wa kupaa. Gharama yake ni mafuta: gesi ikitoka kwa kilomita 4.4 kwa sekunde, kila kilo inayofikia kasi ile inadai kilo 12 hivi wakati wa kuondoka, kabla hujahesabu hasara ya hewa na mvuto. Ndiyo maana matangi matupu hudondoshwa njiani.

Waya_Mbili:
Mtengenezaji mwenye hadithi kichwani ni Jack Cover, aliyebuni Taser, silaha ya kumwangusha mtu kwa umeme. Jina hilo alilitoa kwenye kitabu cha 1911 kuhusu kijana Tom Swift na bunduki yake ya umeme. Bunduki ya kitabuni hurusha umeme hewani bila waya. Hewa kavu inahitaji takriban volti milioni 3 kwa kila mita ndipo cheche ipite, basi mita 5 ni milioni 15, na hata hapo cheche haifuati shabaha. Cover akarusha vishale viwili vyenye waya. Vyote viwili lazima vishike, la sivyo mzunguko haufungi. Kwenye miundo mingi vishale huachana kama sentimita 30 kwa kila mita 2, hivyo ukiwa karibu mno umeme unagusa misuli michache na mtu haanguki. Koti nene nalo huharibu kazi.

Nanga_Nzito:
Meli sasa. Wazo ni sahihi, na mwaka 1964 Karl Krøyer wa Denmark aliiinua meli Al-Kuwait, iliyozama bandarini Kuwait na maelfu ya kondoo, kwa kuijaza vipunje vya povu la plastiki.

Kijimpira cha milimita 40 kina gramu 2.7 na huinua gramu 31 hivi baharini, kwa hiyo tani moja inataka karibu 32,000. Tatizo ni kwamba ndani kina hewa tu. Kila mita 10 za kina huongeza kanieneo ya angahewa moja, nacho kikibonyea kinapoteza nguvu ya kuelea. Povu lina vyumba vidogo vilivyofungwa, linavumilia zaidi, na linasukumwa kwa bomba pamoja na maji.

Mfano: chuma cha tani 2,000 kikizama kinabaki na uzito wa tani 1,740 hivi. Vipunje hujaza kama asilimia 64 tu ya nafasi, maji hubaki katikati yake. Povu la kilo 25 kwa mita ya ujazo linainua takriban kilo 640 kwa kila mita ya ujazo ya tumbo la meli. Unahitaji mita za ujazo 2,700, na chumba kisichovuja juu, maana vipunje hukimbilia tundu lolote.

Meli ikiwa imelala ubavu, usijaze chumba kimoja hadi mwisho: itabingirika. Jaza kidogo kidogo, ukibadilisha vyumba. Na tope chini hunyonya: meli hung'ang'ania, kisha huachia ghafla na kuruka juu. Inua ncha moja kwanza, maji yapenye chini ya kitako, ndipo uongeze vipunje upande wa pili.

Dira_ya_Kusi:
Shukrani, mkuu. Hilo la kuanza na ncha moja katuni haikuligusa kabisa.