Sinners, The Brutalist na Oppenheimer: kasoro ni ya picha au ya runinga?

Swali
Wakuu, nimemaliza picha tatu zilizokuwa kiporo.

Sinners (2025) ya Ryan Coogler ndiyo iliyonikamata kuliko zote. Pale Sammie, kijana mwanamuziki, anapoimba kilabuni, mwaka 1932, mara anaibuka mpiga gitaa la umeme, kisha DJ, na mababu na wajukuu wanacheza sakafu moja bila mtu kueleza lolote. The Brutalist (2024) nusu ya kwanza ni kazi ya fundi hasa. Ya pili inatangaza kwa sauti yale ambayo ya kwanza ilishayaonyesha kimyakimya. Oppenheimer (2023) uhariri wake ni wa hali ya juu, ila mazungumzo yanamezwa na muziki.

Sasa: kwa nini mistari myeusi ya Sinners inakuja na kuondoka? Kwa nini The Brutalist imeiweka pembeni? Na hiyo sauti inatibiwaje?

Jibu 1
Runinga yako ni nzima. Sinners ilipigwa kwa kamera za aina mbili: Ultra Panavision 70, yenye umbo la 2.76:1 (upana ni mara 2.76 ya kimo), na IMAX, yenye 1.43:1. Kwenye diski ya 4K, sehemu za IMAX zimepunguzwa juu na chini ili zijaze skrini nzima, na zile pana zinachukua kama asilimia 64 tu ya kimo chake. Usiguse zumu. Ukilazimisha picha ya 2.76 ijaze skrini, unakata zaidi ya theluthi ya upana, na Coogler anapenda kuwaweka watu kwenye kingo kabisa.

The Brutalist ni VistaVision: filamu ya milimita 35 inapita kwa mlalo kwenye kamera, kila fremu inachukua matundu manane ya ukingoni badala ya manne. Umbo lake ni 1.66:1, jembamba kidogo kuliko skrini ya kawaida ya runinga (16:9), ndiyo maana mistari iko pembeni.

Jibu 2
Kwenye Oppenheimer, sehemu ya tatizo ni uamuzi wa mwongozaji. Nolan anapendelea sauti iliyorekodiwa palepale mwigizaji anapoigiza, si ya kurudiwa studio, na kamera za IMAX zina kelele. Sehemu nyingine ni spika. Katika mchanganyiko wa 5.1 (spika tano na moja ya besi) mazungumzo mengi yamo kwenye spika ya katikati. Runinga yenye spika mbili inayachanganya na muziki na milipuko, basi yanazama.

Anza kwenye menyu ya sauti ya filamu: kama kuna stereo (sauti ya spika mbili), chagua hiyo. Kisha zima "surround" (sauti ya kuzunguka) ya kuigiza ya runinga, maana inatawanya sauti za watu. Washa hali ya usiku. Inashusha milipuko na kuinua minong'ono. Mwenye spika ya katikati aipandishe desibeli 2 hadi 4, asizidishe, la sivyo sauti inaonekana imebandikwa juu ya picha. Kuongeza treble (sauti nyembamba) hakusaidii: herufi "s" zinaanza kuchoma masikio. Mistari michache itabaki hafifu hata baada ya hapo, hiyo isomeni kwenye manukuu.

Jibu 3
Naongezea: zimeni ulainishaji wa mwendo. Filamu hizi ni fremu 24 kwa sekunde; runinga ikibuni fremu za katikati, mwendo unakuwa wa tamthilia ya studio, na kingo za mtu anayetembea zinatetemeka. Tafuta "Filmmaker Mode", inazima mambo hayo kwa mkupuo.

Kuhusu The Brutalist sikubaliani. Nusu ya pili lazima iwe nzito, kwa sababu Erzsébet, mke wa mhusika mkuu László, amefika na László hana tena pa kujificha. Ila wengi wanaruka yale mapumziko ya dakika 15, kisha wanalalamika kuwa imechosha. Picha ina dakika 215, mapumziko yakiwemo. Iacheni ile picha ya harusi na saa yake ihesabu hadi mwisho, inukeni, mnyooshe miguu, ndipo mrudi.

Muuliza
Nimeelewa, mkuu. Hali ya usiku na Filmmaker Mode zinakwenda pamoja?

Jibu 2
Zinakwenda. Moja ni ya sauti, nyingine ya picha. Picha ikiwa giza mno, pandisha mwanga wa nyuma wa skrini; kontrasti iache ilivyo.