Naomba ushauri: machungwa yetu Muheza yanauzwa yakiwa bado maua

Ndugu zangu, wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Naandika kutoka kijiji kimoja cha Muheza, Tanga, upande wa kupandia Amani.

Huku karibu kila kaya ina michungwa, na katikati yake tunachanganya mihogo na mahindi. Shida ni mauzo. Dalali anakuja mti ndio kwanza umetoa maua, wakati mwenye shamba anahangaikia pesa ya matibabu au sare za watoto. Anakupa bei ya shamba zima, mnaandikishana kwenye karatasi, basi. Msimu ukifika malori yanapakia kwenda Dar es Salaam, mengine yanavuka Horohoro kwenda Kenya, wewe unatazama tu. Palizi lakini ni yako, na mti ukiugua ni wako. Wajane na wazee ndio wanaoumia zaidi, na hilo linaniuma kweli.

Baadhi yetu tunataka kuanzisha AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, tuuze kwa pamoja. Tunajua pa kuanzia ni kwa afisa ushirika wa wilaya. Ila chungwa si korosho, huwezi kuliweka ghalani likasubiri mnada. Machungwa aina ya Valencia angalau huchelewa kuiva.

Waliowahi kuuza matunda kwa ushirika, mlianzaje? Mwanachama aliyekwishachukua pesa ya dalali mlimfanyaje? Au VICOBA, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, itangulie kwanza, ili mtu akibanwa apate pa kukopa bila kuuza maua? Mwenye uzoefu anieleze, hata kwa kirefu, nitasoma yote na kuwafikishia wenzangu.