Tupeane uzoefu: walimu wa maktaba Kigoma na Tabora, mnafanyaje vitabu visomwe badala ya kufungiwa?

Kibirizi Kwetu (mleta mada)

Habari za majukumu wadau, hasa walimu mliokabidhiwa ufunguo wa maktaba Kigoma, Tabora na wilaya zake. Shule nyingi za serikali hazina mkutubi aliyesomea kazi hiyo. Ufunguo anapewa mwalimu mwenye vipindi vyake kamili, anasaini leja, na kuanzia siku hiyo kila kitabu kikipotea anaulizwa yeye. Matokeo yake kufuli linakaa mlangoni mpaka siku wathibiti ubora wanapokuja. Vitabu vipo, wanafunzi wapo, na kinachowatenganisha ni hofu ya leja.

Naomba tuweke vipimo, hatua na makosa yanayojirudia. Historia zetu binafsi tuziache pembeni, ili mwalimu atakayeufungua uzi huu kesho apate cha kufanya. Tuanze na hiyo leja.

Mama Isevya

Asante mleta mada, umegusa penyewe. Kosa la kwanza ni kudhani leja ya vifaa inatosha. Leja inasema "Baiolojia Kidato cha Kwanza, nakala 120", basi. Zikirudi 111 huwezi kujua ni zipi zimepotea wala zilikuwa kwa nani. Mwalimu wa maktaba anahitaji daftari la pili, la usajili, ambalo kila nakala ina mstari wake na namba yake: namba ya usajili, tarehe ya kupokea, mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji, mwaka, chanzo (serikali, ununuzi au msaada), bei, na safu pana ya maoni. Nakala 120 ni mistari 120. Ni kazi ya kuchosha, lakini ndiyo inayokulinda.

Namba iandikwe kwa kalamu ya wino sehemu tatu: ukurasa wa jina, ndani ya jalada la nyuma, na ukurasa mmoja wa siri ambao shule nzima inautumia, tuseme wa 17. Anayechana ukurasa wa mbele ili namba isionekane huwa hajui kuhusu ule wa 17. Namba ya kitabu kilichopotea isipewe kitabu kingine kamwe, maana ukiirudia umeivuruga kumbukumbu yote.

Kwenye makabidhiano, usisaini kabla ya kuhesabu kitabu kwa kitabu. Mmoja asome namba, mwingine atie vema kwenye daftari, na kasoro ziandikwe kwenye hati yenyewe ya makabidhiano pande zote mbili zikiwepo.

Kuhusu upotevu: hesabu kila mwisho wa muhula, siyo mwisho wa mwaka. Andika taarifa kwa mkuu wa shule siku hiyohiyo yenye namba na majina ya waazimaji, na uombe suala liingie kwenye muhtasari wa kikao. Wewe wala mkuu wa shule hamna mamlaka ya kufuta mali ya serikali kwa kalamu yenu, kibali kinapitia halmashauri. Ila upotevu mdogo wenye karatasi kila muhula unaeleweka. Kinachomtesa mwalimu ni upotevu wa miaka mitano unaoibuliwa siku moja bila hata barua moja.

Nzega Kati

Mama Isevya umemaliza upande wa daftari, shikamoo. Mimi niongezee upande wa foleni, kwa sababu maktaba inaweza kuwa wazi na bado isiazimishe.

Piga hesabu. Mapumziko ya saa nne ni dakika 20. Kuandika jina, darasa, jina la kitabu, namba na tarehe kwenye daftari kunakula dakika nzima. Kwa hiyo unahudumia wanafunzi 20, wengine wanarudi mikono mitupu, na wiki ya pili hawaji tena.

Tumieni mfuko na kadi. Kata bahasha ya kaki katikati, bandika ndani ya jalada la nyuma. Ndani yake weka kadi ya manila ya sentimita 7.5 kwa 12.5 yenye jina la kitabu na namba ya usajili juu. Mwazimaji anaandika jina, darasa na tarehe ya kurudisha kwenye kadi akiwa bado kwenye foleni, anakuachia kadi, anaondoka na kitabu. Kwako ni sekunde 10 hadi 15. Kadi zinakaa kwenye boksi la viatu zikiwa zimetenganishwa kwa tarehe ya kurudisha. Ijumaa ukivuta kundi la tarehe iliyopita, hiyo ndiyo orodha ya wadaiwa tayari, huna haja ya kupekua daftari.

Panapoharibika ni kwenye kurudisha: kiranja anapokea kitabu, anakiweka rafuni bila kurudisha kadi yake mfukoni. Mwanafunzi anadaiwa kitabu kilichopo rafuni, wanagombana. Kanuni iwe moja, kitabu hakipandi rafuni kabla kadi haijaingia mfukoni.

Fundi wa Rafu

Naongelea mbao na mchwa, maana mikoa hii yetu ya miombo mchwa ni sehemu ya hesabu.

Ubao wa rafu uwe na unene wa inchi 1, kina inchi 10, na urefu kati ya nguzo na nguzo usizidi futi 3. Mita moja ya vitabu vya kiada inabeba kilo 30 au zaidi, ukifanya futi 5 bila nguzo katikati ubao utapinda kama chaga ya kitanda cha zamani. Nafasi ya juu hadi chini inchi 12. Rafu ya chini kabisa iwe juu ya sakafu angalau inchi 6, na mgongo wa kabati uachane na ukuta inchi 3 hivi, upite mkono wenye tochi.

Mninga unastahimili mchwa vizuri na Tabora unapatikana, ila bei yake inajulikana. Paini ni rahisi, lakini usiiingize ndani bila kupakwa dawa, hasa kwenye ncha zilizokatwa, maana huko ndiko wanakoanzia.

Watu wananunua rafu za chuma wakidhani wamemaliza. Mchwa hali chuma, anapanda juu yake. Anajenga kijia cha udongo kwenye mguu, upana kama wa penseli, mpaka anafika kwenye karatasi. Kila Ijumaa pita na tochi nyuma ya rafu za chini. Ukikuta kijia, kivunje sentimita 5 na ukiache mpaka kesho. Kikiwa kimezibwa upya kwa udongo mbichi, wapo kazini, tafuta ufa walikotokea kwenye sakafu au chini ya ukuta na uuzibe kwa saruji baada ya kuweka dawa.

Miguu ya rafu kwenye makopo yenye oili chafu inasaidia, lakini kwa vumbi la Tabora la Juni mpaka Oktoba, oili inafunga utando juu na mchwa anavuka kama anapita darajani. Badilisha oili mara vumbi linapotanda. Na maboksi ya msaada msiyaache sakafuni hata wiki moja. Boksi lenyewe ni chakula chao.

Kasulu Mlimani

Fundi yuko sahihi kwa Tabora. Huku kwetu Kigoma mvua inaanza Oktoba na kwenda mpaka Mei, kwa hiyo adui wa pili ni ukungu. Rafu isiegemee ukuta unaopigwa na mvua. Vitabu visibanwe sana, kidole kiweze kuingia kati ya kitabu cha mwisho na nguzo. Madirisha yafunguliwe mchana mvua ikikatika, yafungwe kabla ya jioni.

Ukungu mweupe ukianza, usifute kwa kitambaa kibichi, unausukuma ndani ya karatasi. Toa kitabu nje kivulini kwenye upepo mpaka kikauke, kisha piga vumbi lake kwa brashi laini ukiwa umefunika pua na mdomo. Jua kali la moja kwa moja linapinda majalada na kufanya gundi ya mgongo ikatike.

Bati likivuja na vitabu vikalowa, mnakimbizana na saa. Vile vyenye karatasi ya kung'aa na picha za rangi ndivyo vya kwanza: kurasa zake zikikauka zimegusana zinagandana moja kwa moja, kuzitenganisha ni kuzichana. Zitenganisheni zikiwa bado mbichi. Vilivyobaki, wekeni magazeti kila baada ya kurasa 20, badilisheni kila magazeti yakilowa, na kikikaribia kukauka ndipo kiwekwe chini ya uzito kisijikunje.

Unyanyembe

Wakuu, selotepu iachwe. Baada ya muda inakuwa njano, gundi yake inahamia kwenye karatasi, na ukurasa unachanika pembeni ya ile tepu. Gundi ya unga nayo inaita mende.

Kitabu kilichoachia mgongo kinashonwa hivi. Gongagonga kurasa mezani zilingane. Bana kati ya mbao mbili. Toboa matundu matano kwa msumari mwembamba, milimita 6 hadi 8 kutoka mgongoni, la kwanza na la mwisho yawe sentimita 1.5 kutoka kwenye ncha. Chukua uzi wa fundi viatu, urefu mara tatu ya kitabu. Ingilia tundu la katikati, nenda mpaka ncha moja, rudi upite mpaka ncha ya pili, malizia katikati, funga. Paka gundi nyeupe ya seremala mgongoni, bandika kipande cha kitambaa kigumu kinachopanda sentimita 3 kila upande wa jalada. Weka nailoni juu na chini, lundika matofali mawili, acha mpaka kesho.

Angalia kwanza nafasi ya ndani ya ukurasa. Ikiwa chini ya sentimita 1.5, uzi utameza maneno. Hicho usikishone. Kwangua mgongo kwa msasa, paka gundi mara mbili.

Wanafunzi wa kidato cha pili wanaimudu kazi hii wakisimamiwa, na aliyekishona kitabu kwa mkono wake huwaambia wenzake wasikikunje.

Kibirizi Kwetu (mleta mada)

Nashukuru sana, nanakili yote. Swali: upangaji. Namba za Dewey (ule mfumo wa kupanga vitabu kwa namba za mada) kwa maktaba ya vitabu 800 zina maana kweli, au tupange kwa masomo tu?

Mkutubi wa Cheyo

Zina maana, ila zisiwe ndefu. Kwa vitabu chini ya elfu mbili tarakimu tatu zinatosha sehemu nyingi: 510 hisabati, 530 fizikia, 540 kemia, 570 baiolojia, 630 kilimo. Ongeza desimali pale tu palipo na vitabu vingi au pana umuhimu kwa eneo letu. Historia ya Tanzania 967.8, fasihi ya Kiswahili 896.392. Tabora tengeni 638.1 ya ufugaji nyuki, Kigoma tengeni 639 ya uvuvi na 633.85 ya mazao ya mafuta, maana michikichi iko pale dirishani. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeleta mkondo wa amali, na hapo ndipo mwalimu wa maktaba anapata nafasi ambayo hakuwa nayo: kukusanya vipeperushi vya maofisa ugani, vya misitu na vya uvuvi, kuvitia jalada na kuvipa namba. Vitu hivyo hamvikuti dukani.

Juu ya namba weka kibandiko cha rangi, rangi moja kwa kila mia (za 500 rangi yake, za 600 rangi yake). Kiranja wa kidato cha kwanza anarudisha kitabu kwa rangi, anamalizia kwa namba.

Jambo jingine ni lugha. Mtoto ametoka msingi kwa Kiswahili, nyumbani ni Kiha au Kinyamwezi, anaingia sekondari karibu vitabu vyote Kiingereza. Tengeni rafu ya hadithi fupi rahisi karibu na mlango. Kipimo: afungue ukurasa wowote, akunje kidole kwa kila neno asilolijua. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa, achukue chepesi zaidi. Vitabu vya msaada vipitishwe kwenye kipimo hichohicho kabla ya kupewa namba, vya chuo kikuu vinajaza rafu bure.

Ushauri wa kitaalamu mnaweza kuuomba Bodi ya Huduma za Maktaba kupitia maktaba ya mkoa. Anayetaka kusomea kabisa, chuo cha bodi kiko Bagamoyo.

Urambo Njia Panda

Upande wa dijitali, msingoje intaneti ifike shuleni. Maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada. Pakueni mara moja mkiwa mjini kwenye mtandao mzuri, hifadhini kwenye diski ya nje, na nakala ya pili kwenye kompyuta ya taaluma. Vishikwambi vya Sensa ya 2022 walivyogawiwa walimu vinafungua PDF bila tatizo.

Kwa wanafunzi, programu ya Kolibri, ya kusomea masomo bila intaneti, inawekwa kwenye laptopu ya Windows, vifaa vingine vinasoma kwa Wi-Fi bila bando. Hotspoti ya Windows inapokea vifaa 8 tu, wa tisa anagoma na watu wanadhani programu imekufa. Zaidi ya hapo weka ruta, haihitaji laini.

Umeme wa jua kwa saa 4: laptopu wati 50, ruta 10, taa tatu za wati 9. Jumla ni kama wati-saa 350, pamoja na kinachopotea kwenye inveta weka 400. Betri ya volti 12 na Ah 100 ina wati-saa 1,200, lakini ya maji usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una 600. Inatosha. Paneli ya wati 150 inairudisha, mradi ifutwe vumbi.

Kibirizi Kwetu (mleta mada)

Na shule ambayo chumba cha maktaba kimegeuzwa darasa?

Mama Isevya

Sanduku la vitabu. Mbao au plastiki lenye kifuniko, vitabu 40, moja kwa kila mkondo, viranja wawili wanaoazimisha dakika 15 za kwanza za kipindi cha mwisho Jumatano. Kila wiki mbili masanduku yanahama mkondo mmoja kwenda mwingine, na vitabu vinahesabiwa siku ya kuhama mbele ya viranja wa pande zote mbili. Sanduku lisizidi vitabu 40, wakiongeza halinyanyuki, watalikokota na pembe zitafumuka. Orodha ya namba ibandikwe ndani ya kifuniko. Ikibandikwa nje, jasho la mikono na mvua vinaifuta kabla muhula haujafika katikati.