Hepburn aliyeigiza Congo ni yupi, huyu wa gauni jeusi au kuna mwingine?

MwanaKigoma
Wakuu habari za jioni. Jana nimebishana na mjomba mpaka watu wakatuzunguka. Yeye anasema Hepburn alikuja Congo enzi za Mbelgiji kucheza picha, mimi Hepburn ninayemjua ni Audrey, yule wa kigauni cheusi, lulu shingoni na miwani mikubwa, nikamwambia yule dada na misitu ya Congo wapi na wapi. Tumewekeana kreti ya soda. Anayejua anisaidie.

Mzee wa Sinema
Lipa soda kijana. Audrey alikuja Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, mwaka 1958, akacheza kama sista muuguzi kwenye The Nun's Story, ikatoka 1959 na akatajwa kuwania Oscar. Ila mjomba naye asijitape mapema, kwa sababu kina Hepburn waliofika Congo ni wawili!! Miaka 7 kabla alikuja Katharine Hepburn, Mmarekani, na Humphrey Bogart, wakapiga The African Queen huko huko Congo na Uganda, kambi nzima wakaumwa matumbo isipokuwa Bogart na dairekta John Huston, Bogart mwenyewe alisema ni kwa vile wao walikuwa wanakunywa wiski tu maji hawagusi. Na kwa vile wewe ni wa Kigoma, ile meli ya Mjerumani ya kwenye hadithi husemwa imetokana na Graf von Götzen, yaani Liemba yenu hiyo hiyo ya Ziwa Tanganyika. Halafu hao wawili si ndugu kabisa.

Fundi Cherehani
Usione aibu kuwachanganya mdogo wangu, hata Givenchy, yule mbunifu wa mavazi wa Ufaransa, alichanganya. 1953 pale Paris kaambiwa Miss Hepburn anakuja kutafuta nguo za picha ya Sabrina, akajiandaa kumpokea Katharine, mara anaingia binti mwembamba kavaa suruali ya kubana, tisheti na kofia kama ya wale wapiga makasia wa Venice. Akamwambia sina muda, ila Audrey hakuondoka, akachagua kwenye nguo zilizokwisha shonwa. Oscar ya mavazi ya ile picha akabeba Edith Head, mbunifu wa mavazi wa Hollywood, peke yake, jina la Givenchy halikuandikwa popote, sisi mafundi mpaka leo inatuuma hiyo. Lakini urafiki wao ukadumu mpaka mauti, na lile gauni jeusi la Audrey la 1961, la kwenye picha ya Breakfast at Tiffany's, ni mkono wa Givenchy, moja ya nakala zake iliuzwa mnadani London 2006 kwa zaidi ya pauni 460,000 na hela ikaenda kusaidia maskini India.

kichwa_ngumu
Mnamkuza tu, mwembamba kama njiti, kwenye My Fair Lady hata nyimbo karibu zote waliweka sauti ya mtu mwingine

Fundi Cherehani
Hilo la sauti kweli, aliimbiwa na Marni Nixon. Ila huo wembamba usiucheke kaka. Kazaliwa Brussels 1929, baba akawakimbia akiwa na miaka 6, vita ikamkuta Uholanzi, na ile baridi ya 1944 Wajerumani walipozuia chakula watu walikula mpaka vitunguu vya maua ya tulipu. Alitaka awe mcheza baleti, ikashindikana, urefu na mwili ulioliwa na njaa. Ndo maana uzeeni akaacha sinema akawa anazunguka na UNICEF, Ethiopia 1988, Somalia Septemba 1992 kwenye njaa ile, na alikuwa tayari anaumwa tumbo. Saratani ikamchukua Januari 1993, ana miaka 63.

MwanaKigoma
Asanteni sana wakuu. Nimempigia mjomba kumuuliza alimaanisha Hepburn yupi, akanyamaza kidogo halafu akasema "kwani wako wawili?" Soda tunakunywa nusu kwa nusu.