Tupeane uzoefu: Mliokaa Glasgow, mtaa wako ulikuwaje kabla haujabomolewa?

Dereva wa Zamu

Wakuu, habari za jioni. Naendesha basi hapa Glasgow, Scotland, njia za mashariki ya mji. Wiki iliyopita bibi mmoja mwenye kikapu cha magurudumu akaomba nimshushe Forge. Hilo kila abiria analijua, ni yale maduka makubwa ya Parkhead, yalifunguliwa 1988. Bibi akakaa kiti cha mbele, akaniuliza kama najua jina limetoka wapi. Kumbe hapo ndipo palikuwa na Parkhead Forge, kiwanda cha chuma cha Beardmore, na baba yake aliingia humo akiwa kijana wa miaka 15. Anasema nyundo zikianza kupiga, vikombe vya kabatini kwao vilikuwa vinaongea.

Tangu siku hiyo nimeanza kuuangalia mji huu kwa jicho lingine. Shuka St Enoch, ulizia stesheni kubwa ya treni. Hakuna. Ilifungwa 1966, ikavunjwa, leo kuna maduka chini ya paa la kioo. Jina tu ndilo limegoma kuhama. Ni kama sisi Dar tunavyoshuka Mwembechai na mwembe wenyewe hatujawahi kuuona.

Kwa hiyo wenyeji na wahamiaji, karibuni. Ulikaa mtaa gani, kulikuwa na nini, na sasa kuna nini? Nawasilisha.

Mwana wa Reli

Mzee wangu alikuwa fundi wa reli Nairobi. Nikiwa mtoto alinipeleka makumbusho ya reli pale stesheni, akanisimamisha mbele ya Nyaturu, ile injini ya mvuke namba 3020, na kuniambia, "Huyu alizaliwa Glasgow." Kiwanda kilikuwa North British Locomotive, mtaa wa Springburn.

Basi nilipokuja huku kusomea uuguzi, Jumamosi ya kwanza nikapanda basi hadi Springburn na kamera yangu. Nilitarajia mabomba ya moshi, nikakuta barabara pana ya magari imepita katikati ya mtaa, duka la vyakula na upepo. Kampuni ilifilisika 1962. Niliuliza watu watatu, wa nne akanionyesha jengo moja la mawe mekundu barabara ya Flemington. Zilikuwa ofisi zao. Juu ya mlango wamechonga uso wa injini, inakuja moja kwa moja kama inataka kukugonga. Nilipiga picha nikamtumia mzee kwa posta. Aliibandika sebuleni juu ya redio.

Na ile kreni kubwa ya Finnieston mnayopigia selfi mkienda kwenye matamasha, kazi yake mojawapo ilikuwa kuzinyanyua injini za Springburn na kuzipakia melini. Uwezo wake tani 175. Siku hizi haibebi kitu, imesimama tu.

Rock City

Mwana wa Reli umenikuna. Watu wa Mwanza na Bukoba, ile MV Victoria yetu iliundwa na Yarrow kule Scotstoun, magharibi ya mji huu huu, ikafunguliwa vipande vipande na kuja kuunganishwa upya Kisumu. Ilianza kazi 1961, na 2020 ikarudi majini baada ya ukarabati. Mimi nimelala kwenye meli hiyo na mikungu ya ndizi ikiwa mto wangu wa kichwa. Siku niliyopita nje ya geti la Scotstoun nilisimama nikacheka peke yangu. Bado wanaunda meli, ila sasa ni za kivita.

Mama Ishirini na Sita

Wanangu, mimi nitaandika kwa kirefu, mnivumilie.

Nilifika 2003 kutoka Uvira, Kongo, na watoto wawili, tukiomba hifadhi. Tukapelekwa Red Road. Majengo manane, marefu zaidi yana ghorofa 31, yamejengwa miaka ya sitini kwa fremu za chuma. Sisi tulipewa ghorofa ya 26. Usiku wa kwanza upepo ulivuma, nikaona maji ya choo yanacheza. Nikawatoa watoto kitandani, tukashuka ngazi zote na mablanketi mpaka chini. Mzee mmoja Mskoti wa mapokezi akatuangalia, akatikisa mkono wake huku na huku kama mti, akacheka, kisha akatutengenezea chai. Hapo ndipo nilielewa kuwa jengo linayumba kwa makusudi.

Wanawake wa Kiswahili tulikuwa wengi. Wakongo, Warundi, Wabajuni. Majina hatukuulizana haraka, kila mtu na historia yake, kwa hiyo tuliitana kwa ghorofa. Mama Kumi na Nane alikuwa anasuka. Mama wa Tisa alijua duka lenye unga mweupe wa mahindi. Tulikuwa tunasonga ugali wa semolina kabla yake, msinikumbushe.

2014 yalikuwa yamebaki sita, wakataka kuyalipua matano kwa mpigo wakati wa ufunguzi wa Michezo ya Jumuiya ya Madola, dunia nzima itazame kwenye televisheni. La sita libaki, maana waomba hifadhi walikuwa bado wanaishi humo. Watu wakasaini kupinga, mpango ukafa. Yakaangushwa Oktoba 2015. Nilisimama mbali na umati na chupa ya chai. Honi ikalia, vumbi likapanda, na lilipotulia mawili yalikuwa yamegoma kwenda chini yote. Watu wakashangilia hayo mawili kuliko yote yaliyoanguka.

Msitupambie

Mama, heshima yako, lakini magorofa ya zamani tusiyapambe. Mimi nilikaa jengo moja (silitaji), ukuta wa chumbani mweusi kwa ukungu, kila Jumapili nafuta kwa jiki, Jumatano umerudi. Mtaa wa Gorbals walijenga minara ya kisasa miaka ya sitini, unyevu ukawashinda, 1993 ikaangushwa. Leo pale kuna nyumba za ghorofa nne zenye vibaraza na nimepata moja. Sina ninachokililia.

Koni Kichwani

Mnabishana bure. Wakitaka kubomoa chochote wabomoe, wasiiguse tu koni ya barabarani kwenye kichwa cha sanamu ya Duke of Wellington, ile watu wanayoipanda usiku kuivika koni kwa utani. 2013 manispaa walitaka kuinua kitako cha sanamu watu wasifike. Mji mzima ulisimama kupinga.

Dereva wa Zamu

Mama Ishirini na Sita, shikamoo. Siku hizi uko wapi?

Mama Ishirini na Sita

Marahaba mwanangu. Niko ya chini kabisa, na kabustani ninapanda lengalenga (mchicha). Jina halikubadilika. Binti mmoja mgeni kanisani aliniogopa kwa muda mrefu, kumbe alidhani nina watoto ishirini na sita.