Kwa nini maandishi ya Kiamhari yana alama zaidi ya 200?

Mdadisi
Wanajukwaa, salaam. Nimesoma kwamba fideli, yaani mfumo wa herufi unaotumika kuandika Kiamhari na Kitigrinya, ina alama zaidi ya 200, ilhali Kiswahili chote tunakiandika kwa herufi zisizofika hata 26. Je, mtoto wa Addis Ababa anazimudu vipi? Na kwa nini irabu hazikutengwa na konsonanti kama tufanyavyo sisi?

Msomi wa Herufi
Ndugu Mdadisi, hesabu hiyo ni sahihi, lakini inatisha kuliko hali ilivyo. Kiamhari kina herufi za msingi 33, na kila moja ina maumbo saba kulingana na irabu inayoifuata, ndiyo maana tunapata 231, mbali na nyongeza chache. Tazama herufi ya b: ቡ ni bu, ቢ ni bi, ቤ ni be. Kistari kinachochomoza ubavuni kulia huleta u, kikishuka mguuni huleta i, na kikijikunja mguuni huleta e. Ukiifahamu kanuni hiyo, utazisoma pia ሉ, ሊ na ሌ, yaani lu, li na le. Umbo la sita ndilo lenye vighairi vingi zaidi, tena husomwa kwa irabu fupi sana au bila irabu kabisa.

Mwanapwani
Ningependa kuongezea historia, kwani ndiyo inayojibu swali la pili. Hapo awali maandishi haya yalikuwa ya konsonanti tupu, na alama za irabu zilianza kuonekana katika karne ya 4, zama za Mfalme Ezana wa Aksum, ufalme wa kale wa Ethiopia; kwa hiyo irabu zilipandikizwa juu ya herufi zilizokuwapo tayari. Kiarabu na Kiebrania vimebaki karibu na utaratibu ule wa kale, kwa sababu maana ya msingi ya neno hubebwa na konsonanti: kitabu, katibu na maktaba, maneno tuliyoyapokea sisi wenyewe, yote yamejengwa juu ya k, t na b.

Kiswahili hakivumilii jambo hilo. Ukiandika k na t pekee, msomaji atajuaje kama umekusudia kata, kete, kiti, kito au kuta? Ndiyo maana wazee wetu wa pwani, walipoandika tenzi kwa herufi za Kiarabu, walitia alama za irabu, ingawa alama hizo ni tatu na irabu zetu ni tano, hata kuku na koko zikafanana. Naona fideli ingetufaa zaidi katika jambo hili.

Msomi wa Herufi
Nakubaliana nawe, ila fideli isichanganywe na maandishi ya silabi kama ya Kivai cha Liberia, au yale ya alama 85 ya Kicheroki, lugha ya wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini, yaliyobuniwa na Sequoyah, ambamo alama za silabi zenye konsonanti moja hazifanani kwa umbo. Fideli nayo ina upungufu wake: haionyeshi konsonanti iliyokazwa, yaani inayotamkwa kwa kuvutwa kama imerudiwa. አለ yaweza kusomwa *ala*, "alisema", au *alla*, "yupo", na msomaji huamua kwa kutazama sentensi nzima.